Fuvu Lililobaki Korongoni

Dakta Asnath Mdoe alikuwa ameikazia macho fimbo ya Nailantei, mwongoza njia aliyetangulia mbele ya gari, iliyokuwa ikiashiria kushoto, kushoto, kushoto tena, ndipo ardhi ya upande wa kulia ilipokatika. Gari lililala upande, likasita kidogo kama linalofikiri, kisha likabingiria korongoni. Aliona anga, akaona mchanga, akaona anga tena. Kitu kizito kikamgonga ubavuni. Halafu vumbi, na kimya, na ndani ya kimya kile sauti ya maji yakimwagika.

Sauti hiyo ndiyo iliyomzindua. Alijua ni nini kabla hajageuza shingo. Pipa la lita sitini walilolijaza Handeni mjini lilikuwa limepasuka nyuma ya gari, na mchanga wa korongo ulikuwa ukiyanywa yale maji kwa pupa.

"Mwinjuma!"

"Nipo, Dakta." Sauti ya dereva ilitokea chini yake, kwa kuwa gari lilikuwa limelalia ubavu wa kulia. "Nipo, ila mguu umenaswa. Siwezi kuuvuta."

Asnath alitambaa akatokea dirishani. Kila alipovuta pumzi ubavu ulimchoma kama sindano. Nailantei alikuwa tayari ameteremka ukingoni kwa makalio, shuka lake limejaa vumbi jekundu. Yeye hakuwemo garini. Alikuwa mbele kwa miguu akiwaonyesha njia, na hilo lilikuwa bahati yao. Alikuwa Mmaasai wa miaka arobaini hivi, mama wa watoto wanne, na watu wote walimwita kwa jina la mwanawe mkubwa, Mama Lekishon.

"Maji?" aliuliza Nailantei.

"Yameisha."

"Yote?"

Asnath aliangalia nyuma ya gari. Pipa lilikuwa limefunguka kama boga. Rejeta nayo ilikuwa imetoboka. Zilibaki chupa moja nzima ya maji ya kunywa na nyingine nusu.

"Mimi nina dumu kwa punda wangu kule juu," alisema Nailantei. "Limebaki nusu. Lita tano."

Iliwachukua saa mbili kumtoa Mwinjuma. Asnath alichimba chini ya mlango kwa zana alizozoea kuchimbia mifupa: patasi, nyundo ndogo, sururu ya mkono mmoja. Nailantei alizoa mchanga kwa sufuria. Mwinjuma aliuma mkanda wake wa suruali akanyamaza, na kwa mtu aliyemjua alivyokuwa msemaji, ukimya ule ulitisha kuliko kelele. Walipomvuta nje, mguu wa kulia ulikuwa umepinda katikati ya muundi, mahali ambapo mguu haupindi. Ngozi haikuchanika. Chini yake kulikuwa na donge lililosukuma kutoka ndani.

Asnath alikuwa ameshika mifupa kwa miaka ishirini na miwili, yote ya viumbe waliokufa kabla dunia haijajua ua wala ndege. Hakuwahi kushika mfupa wenye mwenyewe.

"Umevunjika," alisema.

"Hilo nalijua hata mimi wa darasa la saba," Mwinjuma akajibu, midomo imempauka.

Walikaa kwenye kivuli chembamba cha ukingo wakapima hali yao. Simu hazikuwa na mtandao. Chuoni walitarajiwa Jumapili, na leo ilikuwa Jumatano. Boma la Nailantei lilikuwa tupu. Watu wake walikuwa wamehamisha mifugo tangu Januari kufuata majani upande wa Ruvu, na yeye alikuwa amebaki kwa dada yake Kabuku kwa sababu ya miadi na Dakta. Kutoka hapo hadi Kabuku, kwenye barabara kuu ya lami, zilikuwa kilomita thelathini na kitu za miiba na makorongo.

"Nikienda peke yangu nafika kesho mchana," alisema Nailantei. "Kurudi na gari ni keshokutwa, kama gari litapatikana. Maji haya hayawafikishi keshokutwa."

"Basi tungoje juu, kwenye mti."

"Mama, mti hauna maji." Alielekeza kidevu upande wa magharibi, ambako mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya milima ya Nguu. "Na hapa chini si pa kulala. Kule ikinyesha, hapa ni njia yake."

Waliamua kumpandisha Mwinjuma kwenye punda. Nailantei alikata fito mbili za mkambala, wakamfunga mguu kwa vitenge. Lakini walipomwinua tu, fito zikateleza, mguu ukacheza, na Mwinjuma akazimia mikononi mwao. Wakamlaza tena. Akazinduka akiwa anatapika.

"Hivyo hafiki," alisema Nailantei.

Asnath aliangalia mzigo uliotapakaa mchangani. Mfuko mmoja wa unga wa jasi ulikuwa umepasuka, mwingine ulikuwa mzima. Vipande vya gunia alivyovikata jana yake, virefu kama bandeji, vilikuwa vimefungwa mahali pamoja. Vyote vililetwa kwa kazi moja. Mita mia mbili kupanda korongo lile, ndani ya ukingo wa udongo uliogeuka jiwe, lilikuwamo fuvu ambalo yeye na Mwinjuma walilichimba siku mbili mfululizo wiki iliyopita. Leo walikuwa waje kulifunga kwa gunia na jasi, jiwe zima na fuvu lake, kisha punda alivute hadi kwenye gari. Redio ilikuwa imetangaza masika. Fuvu lisilofungwa lisingestahimili hata manyunyu ya kwanza; udongo ule ulipoloana ulivunjika kama biskuti kwenye chai.

"Ninaweza kumfunga hogo," alisema polepole. "Kama la hospitali. Ni jasi hiihii."

"Mfunge basi."

"Linataka maji. Lita tatu, labda na zaidi."

Nailantei alilitazama dumu. Kisha akamtazama Mwinjuma, aliyekuwa amefumba macho, kifua kikipanda na kushuka haraka. Punda alitingisha masikio.

"Na la fuvu je?" aliuliza.

"La fuvu halitakuwepo."

Dakta hakungoja moyo wake upate nafasi ya kubisha. Alimimina maji kwenye sufuria, na kila aliposikia yakibubujika alihesabu mafunda. Akakoroga jasi kwa mkono hadi ikawa kama uji mzito. Nailantei akamshika Mwinjuma mabegani. Asnath alikamata kifundo cha mguu kwa mikono miwili, akamwomba Mungu wa mama yake, akavuta. Mwinjuma alipiga kelele ambayo iliwarusha kanga kwenye vichaka. Lile donge likazama.

Kisha akafanya kazi kama aliyokuwa ameifanya mara mia, kipande juu ya kipande, kutoka chini ya kisigino hadi juu ya goti, akilaza kila pindo kwa kiganja. Upande wa mbele aliuacha wazi, akaufunga kwa kitenge tu. Mguu ungevimba, mawe hayavimbi.

"Linaunguza," alilalamika Mwinjuma.

"Linakaza. Usitikisike."

Wakati jasi inakauka, alipanda peke yake kuliangalia fuvu. Lilikuwa pale pale, refu kama kiatu cha mtoto, limelala ubavu, matundu ya macho yamejaa udongo wa zambarau. Meno ya mbele yalikuwa ya kuchoma kama ya mjusi. Ya nyuma yalikuwa na vilima vidogo, meno ya mnyama anayetafuna. Lakini si meno yaliyomkosesha usingizi. Ilikuwa ile pembe ya nyuma ya taya. Kuna wakati, zamani sana kupita kipimo cha akili, mifupa midogo iliyoshika mataya ya viumbe fulani ilianza kupungua na kusogea, kizazi baada ya kizazi, hadi ikaishia kuwa mifupa ya ndani ya sikio. Asnath alikuwa ametumia ujana wake wote, kwenye mabonde ya Ruhuhu huko Songea na kwenye makabati ya vumbi ya nchi za watu, kutafuta kiumbe mmoja aliyekuwa katikati ya safari hiyo. Huyu alikuwa ndiye. Aliamini hivyo kwa mwili mzima.

Alilifunika kwa turubai, akalikandamiza kwa mawe. Hakujidanganya. Turubai lile lingezuia umande, si mto. Kipande kimoja tu, ncha ya nyuma ya taya la pili iliyokuwa imedondoka yenyewe, alikitia kwenye kopo la plastiki, akalitia kopo kwenye mkoba wa begani pamoja na daftari. Akageuka, akashuka bila kuangalia nyuma.

Waliondoka saa tisa alasiri. Nailantei alishika kamba ya punda, Asnath alitembea upande wa mguu mbovu akiuzuia usigonge miti. Jua lilikuwa bado kali. Walikuwa wamekwenda kilomita nzima Mwinjuma alipoanza kuinama mbele.

"Nisimulie kitu, Dakta. Nikilala nitaanguka."

"Nikusimulie nini? Miaka kumi na minne umesikia yote."

"Lile jiwe la kanisani. Mama Lekishon hajalisikia."

Basi akasimulia, kwa vipande vipande, akipumzika kila ubavu ulipomchoma. Alizaliwa Kwamndolwa, Korogwe, mtoto wa mkulima wa mahindi. Alipokuwa na miaka tisa kanisa lao lilijengwa upya, na mawe ya msingi yaliletwa kwa lori kutoka upande wa Tanga. Ndani ya jiwe moja aliona kombe la bahari. Alimwuliza mwinjilisti kombe limeingiaje ndani ya jiwe. Mwinjilisti akamwambia ni gharika ya Nuhu. Akamwuliza mwalimu wa sayansi, naye akamwambia aache utundu. Akamwuliza mama yake, na mama yake akamjibu kwa Kishambaa kwamba yeye hajui, ila asiyejua anaweza kwenda kutafuta.

"Huyo mama alikuwa na akili," alisema Nailantei.

"Baadaye alijuta. Nilikwenda kutafuta, sikurudi kulima."

"Na ukapata?"

Asnath aliukwepesha mguu mbovu na mwiba. "Nilipata maswali ya kunitosha. Nilipewa udaktari kwa taya moja lililovunjika. Wenzangu wakaniambia huku Handeni hakuna kitu, mawe yake ni mabovu, niache kupoteza mafuta ya chuo. Nikaja likizo zangu zote."

"Miye ndiye shahidi," alisema Mwinjuma, ameng'ang'ania shingo ya punda. "Likizo zote. Mke wangu anamjua Dakta kama mke mwenza."

Nailantei alicheka, kicheko kifupi, cha kwanza siku ile.

Walilala chini ya mgunga, bila moto wa maana, baada ya kugawana mafunda matatu kila mmoja. Alfajiri walikuwa njiani tena. Kufikia saa tatu asubuhi maji yalikuwa yamekwisha. Chupa ya mwisho alinyweshwa Mwinjuma, ambaye sasa alikuwa na homa na alikuwa akizungumza na watu wasiokuwepo. Ulimi wa Asnath ulikuwa umegeuka kipande cha ngozi mdomoni. Punda alianza kusimama kila hatua hamsini, na kila mara Nailantei alimnong'oneza kwa Kimaasai hadi akakubali.

Saa tano wakafika kwenye korongo la pili, pana na lenye kina kuliko la kwanza. Nailantei alishuka moja kwa moja hadi kwenye kona ya kijito, chini ya ukingo wa mbali uliokuwa na kivuli, akapiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono.

"Hapa kuna maji. Mwaka jana tulinyweshea ndama hapa."

Walichimba hadi viwikoni. Mchanga mkavu. Wakachimba hadi mabegani. Mchanga mkavu bado, wa moto chini kama juu. Nailantei alikaa juu ya visigino vyake, na Asnath aliona usoni mwake jambo ambalo hakuwa ameliona tangu jana. Aliona hofu.

"Kiangazi hiki kimekausha hata hapa," alinong'ona Nailantei. "Mama, sijui pengine."

Asnath alijilazimisha kusimama. Alizitazama kuta za korongo kama mtu anayetazama barua aliyozoea mwandiko wake. Juu kulikuwa na jiwe la mchanga, la njano, lenye matundu. Chini yake tabaka la udongo mgumu wa zambarau, ndugu wa ule ambamo fuvu lilikuwa limelala. Aliinamisha kichwa. Matabaka yale hayakuwa yamelala sawa. Yalikuwa yameinama kuelekea mashariki, kama meza iliyovunjika mguu mmoja.

"Maji yakipita kwenye jiwe la juu," alisema, "yakifika kwenye udongo ule hayawezi kushuka tena. Yanatelemka juu yake. Yanatelemkia mashariki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hayapo upande huu. Huu unayapeleka mbali nasi. Yatatokea kwenye ukuta tuliotoka. Ule pale. Pale rangi zinapokutana."

Nailantei hakuuliza swali la pili. Walivuka wakaanza kuufuata ukuta wa magharibi, Asnath akipapasa mstari ule wa rangi mbili kwa vidole. Jiwe kavu. Jiwe kavu. Ilikuwa Nailantei aliyesimama ghafla akainua mkono.

"Sikiliza. Nyuki."

Walikuwa wengi, wamejazana ndani ya ufa usiozidi upana wa kiganja, nyuma ya mizizi ya mkuyu mdogo. Mawe yale yalikuwa meusi kwa unyevu. Asnath alipiga patasi kwa nyundo, nyuki wakamzonga usoni, akaumwa mara mbili na hakujali. Kipande cha udongo kikang'oka. Nyuma yake maji yakaanza kutoka, si mfereji, ni machozi tu, tone likifuata tone. Walitega mfuniko wa sufuria. Iliwachukua karibu nusu saa kupata kikombe.

Cha kwanza kilikwenda kwa Mwinjuma. Cha pili, Nailantei alimsukumia Asnath. Cha tatu alikunywa yeye, na cha nne, bila kumwuliza mtu, alimpa punda.

Walikaa pale hadi saa nane wakijaza dumu polepole. Kama wangeondoka mapema kidogo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini kiu ina ushawishi wake. Kila walipotaka kuondoka, walisema kikombe kimoja zaidi. Mbingu juu yao ilikuwa safi. Magharibi ilikuwa nyeusi kama chungu.

Walikuwa katikati ya korongo, wakivuka kwenda upande wa mashariki, punda akiwa amezama kwato mchangani, Nailantei aliposimama tena. Safari hii hakusema "sikiliza". Alimpiga punda kwa fimbo kwa nguvu zake zote.

"Panda! Panda! Maji yanakuja!"

Asnath aliyasikia sasa, kama lori zito linaloshuka mlima bila breki. Kwenye kona ya juu ulitokea ukuta wa kahawia, si mrefu, wa kufika kiunoni, ukisukuma mbele yake matawi, mavi ya ng'ombe, povu na mti mzima wenye mizizi. Punda alipanda ukingoni kwa miguu ya mbele, akateleza. Nailantei alikuwa juu tayari, amejizungusha kamba kiunoni, anavuta. Mwinjuma alikuwa ameshika manyoya ya shingo, macho yamemtoka.

"Sukuma, Dakta! Sukuma!"

Asnath aliweka bega la upande wa ubavu mzima chini ya matako ya punda akasukuma. Maji yakampiga magotini, kisha mapajani. Yakamwondoa miguu chini. Alidaka ncha ya kamba iliyokuwa ikining'inia kwa mkono wa kushoto, na papo hapo ukanda wa mkoba ukanaswa na tawi lililokuwa likipita. Mkoba ukavutwa upande mmoja, kamba upande mwingine. Kwa kitambo kisichotosha kuvuta pumzi alikuwa amekatwa katikati na vitu viwili: mkono wa kulia umekamata ukanda, mkono wa kushoto umekamata kamba, na vidole vya kushoto vilikuwa vinateleza.

Alijua kilichokuwa ndani ya kopo lile. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua.

"Mama! Mkono mwingine!" Nailantei alikuwa amelala kifudifudi ukingoni. "Nipe mkono mwingine!"

Asnath aliuachia mkoba. Ulizunguka mara moja juu ya povu, kopo la plastiki likang'aa kwenye mdomo wa mkoba, kisha tawi na mkoba vikapita konani. Akainua mkono wa kulia. Kiganja kigumu kilichozoea kukamua na kuvuta kikakamata kifundo chake, punda akaruka kwa mara ya mwisho, na wote wanne wakajikuta wamelala kwenye majani makavu juu ya ukingo, chini yao korongo likinguruma.

Mwinjuma aliinua kichwa kutazama mguu wake. "Hogo halikuloa," alisema, akilipapasa. "Limeloa kidogo tu hapa."

Mvua yenyewe iliwafikia jioni, matone makubwa ya kwanza yakigonga vumbi, walipoiona mistari ya mkonge. Mistari iliyonyooka, iliyopandwa na watu. Walifuata njia ya matrekta. Katikati ya shamba lori la mkonge lilikuwa limesimama, na dereva wake, jamaa aliyejitambulisha kwa jina la Sadala, alikuwa akifunika mzigo kwa turubai. Aliwaona akateremka bila kumaliza kufunga.

"Poleni. Jamani, poleni sana. Mmetoka wapi?"

Nailantei alinyoosha fimbo nyuma, upande wa magharibi, akaiacha ikaanguka.

Kabuku, kwenye zahanati, tabibu mmoja aitwaye Raheli aliuzunguka mguu wa Mwinjuma mara mbili huku akiumulika kwa taa.

"Nani aliyemfunga hivi?"

"Mimi," alisema Asnath.

"Wewe ni daktari?"

"Si wa watu."

"Wa mifugo?"

"Wa waliokufa zamani."

Raheli alimtazama, akaona hamjibu kwa mzaha. "Umeacha mbele wazi. Ungeuziba wote, kwa uvimbe huu, mguu ungekatwa. Kesho atapelekwa Korogwe, watapiga picha. Lakini mguu anao." Akamgusa ubavu Asnath, akamwambia mbavu mbili zimepasuka, akae.

Alikaa kwenye benchi la veranda. Mvua ilikuwa imefunguka sasa, inapiga mabati hadi watu walizungumza kwa kupaza sauti, kisha wakaacha kuzungumza. Nailantei alikuja akaketi karibu naye, amejifunika khanga ya kuazima. Punda alikuwa amefungwa chini ya paa la jiko, anakula maganda.

"Fuvu linaondoka sasa," alisema Nailantei.

"Ndiyo."

"Nilidhani utalia."

"Nami nilidhani hivyo." Asnath aliangalia maji yanavyopita uani, ya rangi ile ile ya zambarau. Aliliona moyoni turubai likipeperuka, aliuona udongo ukilainika kuzunguka yale matundu ya macho. Miaka ishirini na miwili. Uchungu ulikuwepo, mkubwa, lakini haukuwa peke yake. "Nilipokuwa mtoni niliuona mkono wako. Nikawaza, huyu ananing'ang'ania kwa lipi? Mimi ndiye niliyemtoa kwao."

"Hukunitoa. Nilikuja mwenyewe. Jiwe la fuvu niliona mimi, kabla yako." Nailantei alivuta khanga mabegani. "Nilipoliona mara ya kwanza nilirudi siku tatu mfululizo kulitazama. Sikumwambia mtu. Wangesema nimechanganyikiwa."

Asnath aligeuka akamtazama. Katika siku zote walizofanya kazi pamoja hakuwa amemwuliza alichoona. Alikuwa amemwuliza liko wapi tu. Akaanza kusema neno, lakini kutoka ndani sauti ya Mwinjuma ikapenya katikati ya mvua, imepata uhai wake wa kawaida.

"Jamani, humu ndani hakuna hata chai? Mtu anavunjika mguu, ananyimwa na chai?"

Nailantei akaanza kucheka, na Asnath akacheka naye, ameushika ubavu, machozi yakimtoka kwa maumivu. Kisha akainuka akaenda jikoni kumwombea chai.

Walirudi mwezi wa sita, masika yalipokwisha na njia ilipokauka. Mwinjuma alichechemea kidogo na alikataa katakata kuliteremsha gari. Aliliegesha mbali, akaja kwa miguu na fimbo. Ukingo haukuwepo. Mahali palipokuwa na fuvu palikuwa na hewa, na chini yake mchanga mpya uliosawazishwa vizuri kama sakafu. Hawakuliona turubai. Hawakuyaona mawe aliyoyaweka juu yake.

Asnath alisimama pale muda mrefu. Alikuwa na daftari jipya na bado hakuwa ameandika kitu. Tangu alipoanza kazi hii, popote alipofika, yeye ndiye aliyeamua pa kuchimba, na wengine walichimba.

"Mama Lekishon," alisema. "Ingekuwa wewe, ungeanzia wapi kutafuta?"

Nailantei alilitazama korongo juu na chini, akachutama akaushika mchanga mpya, akaupepeta katikati ya vidole. Akaangalia ulikotoka na ulikolalia. Kisha akainuka, akakaza shuka kiunoni, akaanza kushuka kufuata mkondo, polepole, macho chini. Dakta akamfuata nyuma.